Binti Yako Akitaka Kazi ya Hoteli

Binti yako aliyemaliza kidato cha nne akikuambia kwamba anataka kusomea kazi ya hoteli, utamjibu nini? Mimi nilijibu vibaya. Nilimwambia, "Sikukusomesha ili ukawe mhudumu wa baa." Alinyamaza, akaendelea kupepeta mchele, na kwa siku tatu nyumba yetu hapa Kibiti ikawa kama yenye msiba.

Akina mama wenzangu, najua mnaielewa hofu ile. Kwetu neno "hoteli" lina maana mbili tu: banda la mama ntilie, au nyumba ya wageni yenye muziki mpaka usiku wa manane. Mzazi akilisikia hafikirii mapishi wala mapokezi, anafikiria walevi. Tena mimi nilikwisha kumwona binti yangu katika sare nyeupe ya muuguzi. Alama zake za sayansi hazikutosha, nami nikaona maisha yake yameharibika akiwa na miaka kumi na minane.

Jumamosi moja mdogo wake wa kidato cha tatu alikuja na wenzake watatu kufanya zoezi la shule. Walitakiwa kuandika habari za mtu aliyefanikiwa katika biashara ya kupokea wageni, na jinsi alivyofika huko. Walikuwa wamemchagua Bi. Zainab Ansell wa Moshi. Mimi nilikuwa nikimenya kamba jikoni, mlango wazi, nikawa nasikiliza huku najifanya sisikilizi.

Mama huyu ni mzaliwa wa Hedaru, mkoani Kilimanjaro. Hakuanzia hotelini hata kidogo. Aliajiriwa na Shirika la Ndege la Tanzania, akishughulikia tiketi na nafasi za abiria. Mwaka 1987 alianzisha kampuni yake, Zara Tours, pale Moshi. Kumbukeni miaka ile ilikuwaje. Rais Mwinyi alikuwa ameshika uongozi mwaka 1985, na nchi ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kulegeza masharti ya biashara binafsi. Mwanamke kuacha mshahara wa shirika la umma na kufungua ofisi yake lilikuwa jambo la kufanya majirani wanong'one.

Kwanza aliuza tiketi za ndege. Baadaye ndipo akageukia kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, kazi inayohitaji waongozaji, wapishi na wapagazi, siku tano mpaka nane mlimani. Kisha ikaja hoteli ya Springlands huko Moshi, halafu kambi na malazi mengine upande wa Serengeti na Karatu. Mwaka 2009 akaanzisha pia shirika la hisani, Zara Charity.

Msichana mmoja aliandika haraka: "Fundisho: mvumilivu hula mbivu." Binti yangu mdogo akamkatalia. "Huyu hakukaa kungoja tunda liive," alisema. "Angalia, kila kazi ilimpa kitu cha kwenda nacho kwenye kazi iliyofuata. Anayekata tiketi anajua wageni wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Anayepandisha wageni mlimani anajua kwamba siku ya kushuka wanataka maji ya moto, chakula na kitanda. Basi hoteli ikazaliwa hapo." Mwenzake akauliza kama kule kwenye ndege alipoteza muda. Wakabishana, na mwishowe wakaandika kwamba hapana, pale ndipo palipokuwa shule yake.

Dada yao mkubwa alikuwa uani akifua. Nikaona mikono yake imesimama ndani ya beseni.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu mdogo. Kabla ya daraja, magari yote ya Lindi na Mtwara yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mto ukijaa, au kivuko kikiharibika, foleni ililala. Mama mdogo alipika wali na kambale kando ya foleni ile, na kwa fedha hizo alisomesha watoto wanne. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, lenye urefu wa mita 970. Nchi ilishangilia, nasi tulishangilia, lakini yeye alirudi nyumbani na sufuria zake akalia. Mabasi yalipita bila hata kupunguza mwendo.

Alihamia stendi ya Kibiti, akakuta akina mama wengine wamejaa. Akaanza kupika kwenye harusi. Baadaye alikwenda Nyamisati, mahali watu wanapopandia vyombo vya kwenda Mafia, akapanga vyumba viwili kwa ajili ya wasafiri waliochelewa maji kujaa. "Ndundu ilinifundisha mtu anayengoja," aliniambia siku moja. "Kwanza ana njaa, halafu anaona aibu kuuliza choo kiko wapi." Vyumba vyake vilikuwa na ndoo ya maji safi na sabuni kabla mgeni hajauliza. Sikuwahi kumwita mama huyu mhudumu wa baa. Mbona mwanangu nilimwita?

Niliwasimulia wasichana, nao wakamwandika kwenye daftari chini ya Bi. Zainab. Kisha wakaanza kuhesabu wageni wanaopita hapa kwetu: wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, wanaoshika njia ya Mloka, wa Mafia wanaofuata papa potwe, na wafanyabiashara wa kamba na kaa kutoka vijiji vya delta. Wengi hupita tu. Wanalala wapi? Wanakula kwa nani?

Sitaki kukudanganya, mama msomaji. Hatari za kazi ile zipo, na mzazi ana haki ya kuuliza. Tuliketi na baba yao, tukaandika maswali yetu. Mafunzo kwa vitendo atafanyia wapi, na nani atakuwa msimamizi wake? Atalala wapi akiwa zamu ya usiku? Mgeni akimsumbua, ataripoti kwa nani? Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam na Arusha, na vyuo vya ufundi navyo vina mafunzo ya mapishi, usafi wa vyumba na mapokezi. Chuo kisichotaka kujibu maswali hayo, nisingempeleka mtoto wangu.

Usiku ule nilimwomba binti yangu msamaha. Si rahisi mama kumwomba mwanawe msamaha, nami nilizungukazunguka kwanza nikizungumzia chumvi ya mchuzi. Alicheka, akasema, "Nimeshakusamehe tangu kwenye zile kamba, mama."

Jumatatu tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kuulizia fomu. Maswali yetu yalikuwa kwenye pochi yangu, na chapati kwenye mkoba wake. Alizipika mwenyewe.