Sumu ya muhogo: Siri imo ndani ya seli

MUHOGO ni tegemeo la kaya nyingi za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, hususan pale mvua zinapokuwa haba. Hata hivyo, usalama wa muhogo mchungu hutegemea jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni namna seli za mzizi wake zilivyoundwa.

Kama ilivyo kwa mimea yote, seli ya muhogo huzungukwa na ukuta mgumu unaoipa umbo. Ndani ya ukuta huo kuna utando unaodhibiti kinachoingia na kutoka, kiini kinachoongoza shughuli za seli, na plastidi zinazohifadhi wanga. Nafasi kubwa huchukuliwa na vakuoli, ambayo ni mithili ya kifuko cha maji.

Vakuoli hiyo ndiyo hutunza kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, hukaa katika ukuta wa seli. Viwili hivyo havikutani hadi seli ipasuke, iwe kwa jino la panya au kwa kisu. Vikikutana, hutokea sianidi, sumu inayoukinga mmea dhidi ya walaji.

Hapo ndipo umuhimu wa kutengeneza udaga unapoonekana. Kuloweka au kuvundika mizizi kwa siku kadhaa huilainisha na kuvunja seli, hivyo sianidi hutoka na kupotelea majini na hewani. Kuchemsha vipande vizima vya muhogo mchungu hakutoshi, kwa kuwa moto huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini hubakia.

Madhara ya kukatisha hatua hizo yalidhihirika mkoani humo mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipokumbwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliuhusisha na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha katika kipindi cha njaa.

Ukame huongeza linamarini katika mizizi, na mlo usio na protini huupunguzia mwili uwezo wa kuiondoa sianidi. Ndiyo maana mboga kama dagaa ina umuhimu wake kando ya ugali wa udaga.

Kwa hiyo, msimu wa njaa, ambao hushawishi familia kupunguza siku za kuloweka, ndio ambao siku hizo hazipaswi kupunguzwa.