Intel, AMD na Nvidia: Hii Vita ya Chipu Inalipa Nani?

Ukisaka lapi pale Luthuli Avenue, utaulizwa kama unataka Intel ama AMD. Wasee wengi huona ni kibandiko tu. Lakini kwa soko la hisa Marekani, hicho kibandiko kimeomoa watu na kulilisha wengine.

Rada iko hivi. Intel ilianza 1968, AMD ikafuata 1969. Kwa miaka mingi Intel ndiyo ilikuwa mdosi wa mtaa. AMD ilisota hadi 2015 hisa yake moja ikaenda chini ya dola 2, kama soo mbili hivi.

Lisa Su, aliyeshika usukani 2014, akaweka nguvu kwa chipu mpya. Ryzen ikatoka 2017 na ikashika. AMD huchora tu, na kutoka 2019 ikaachia TSMC ya Taiwan kazi ya kutengeneza chipu zake kuu. Intel ikang'ang'ana na viwanda vyake, ikachelewa. Agosti 2024 ikatangaza kufuta watu kama 15,000 hivi na kusimamisha gawio. Hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 25 siku moja.

Nvidia nayo, ile ya wasee wa magemu, ikapata chipu zake ndizo zinafunza akili bandia. Novemba 2024 ikachukua kiti cha Intel kwa Dow Jones.

Sasa hapa kwa doo, shika mambo mawili.

Kwanza, chipu kali si lazima iwe hisa kali. AMD ilipita dola 200 Machi 2024, Aprili 2025 ikawa chini ya 80. Chipu zake hazikuwa zimeharibika. Ni vile bei ilikuwa imebeba matumaini mob, na aliyeingia juu kabisa akapoteza zaidi ya nusu.

Pili, cheki mwenye jiko. AMD na Nvidia wanakabana koo, lakini wote hupikiwa na TSMC. Yeyote akishinda, TSMC inalipwa. Shida ni kuwa viwanda vyake vingi viko Taiwan, kisiwa ambacho China inasema ni chake. Huko kukiwaka, wote wanaungua.

Kwa hivyo usinunue hisa juu lapi yako iko fasta. Uliza bei tayari imebeba nini. Na doo ya rent, wacha ikae ya rent.