UZI: Urasimu wa kampuni kubwa na mafunzo kazini

Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme vijana wetu hawana ujuzi, halafu kabla ya kushuka aahidi kumaliza urasimu. Haya mambo mawili yameshikana kuliko vile mijadala ya TV inatuonyesha. Twende polepole.

Tuanze na pesa. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi, kila mwezi. Haukatwi kwa mshahara wako, ni mzigo wake yeye. Unasimamiwa na NITA, mamlaka iliyoundwa 2011. Mwajiri akipeleka watu wake mafunzo, anaweza kudai arudishiwe gharama.

Hapo kwa kudai ndipo kuna maneno. Uwe umelipa ushuru. Mafunzo yawe yameidhinishwa kabla hayajaanza. Mkufunzi awe amesajiliwa. Kisha ulete stakabadhi. Kampuni ya watu 1,000 inalipa 600,000 kwa mwaka, na iko na mtu wa HR ambaye kazi yake ni hizo fomu. Gereji ya mafundi 4 inalipa 2,400. Mwenyewe ako chini ya gari, spana mkononi. Fomu atajaza saa ngapi?

Kwa hivyo ule urasimu tunaoucheka ndio unawarudishia wakubwa pesa zao. Mdogo analipa na kunyamaza.

Lakini sikubaliani na wanaosema karatasi zote zitupwe. Nimefanya kazi kwa kampuni kubwa, na ndiyo, ombi la mafunzo ya siku mbili hupita meza tatu, na meza ya pili huwa imeenda lunch. Ila faili ilikuwepo. Msimamizi akihama, anayekuja anajua nani amefundishwa kuendesha forklift na nani bado.

Na mtu akikatwa kidole na mashine je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi kabla ya kumweka kwa mashine hatari. Kama kuna rekodi, inaonekana alifundishwa au hakufundishwa. Kama hakuna, ni neno lako na neno la bosi, na sote tunajua la nani huwa zito.

Fundi wa jua kali naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya 3 hadi ya 1, apate cheti cha kile mikono yake inajua tayari. Wengi hawaendi, kwa sababu siku ya mtihani ni siku bila kipato.

Basi mgombea akija kwenu na hadithi ya kupunguza urasimu, muulizeni: ni fomu gani hasa utaondoa, na gereji ya watu 4 itadai vipi zile pesa zake?