Kifua Kikuu Kisicho Kifuani

Mtu mzima wa Njoro, hapa Moshi, anayekojoa mara kwa mara kwa maumivu hulijua jina la ugonjwa wake kabla hajapimwa: UTI. Mara nyingi hakosei, na msababishi huwa E. coli, bakteria wa utumboni. Ninayemwandikia leo ni yule aliyemaliza dozi mbili, tatu, mkojo wake bado una usaha, na maabara ikiuotesha hakioti kitu. Huyo huambiwa ana "UTI sugu", akaandikiwa dawa kali zaidi. Lakini kutoota si kutokuwepo. E. coli hugawanyika kila dakika 20 hivi, kwa hiyo kesho yake anaonekana. Bakteria wa kifua kikuu huchukua takriban saa 20, tena haoti kwenye chakula cha kawaida cha maabara. Sahani ya kuoteshea hutupwa yeye hajaanza kuonekana. Aliingia kwa mapafu, akasafiri na damu hadi kwenye figo, akalala humo pengine miaka mingi, kisha akashuka kwenye kibofu. Mkoa wetu una Kibong'oto, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu, ila jina la kifua kikuu limetuzoesha kutazama kifua tu.

Yuko atakayesema TB ya figo ni nadra. Ni kweli, na siombi kila mwenye UTI apimwe. Usaha wa namna hiyo huweza pia kuletwa na klamidia, mawe ya figo, kichocho, au antibiotiki iliyonywewa kabla ya kipimo. Mwingine atasema picha ya kifua ilikuwa safi, lakini wagonjwa wengi wa TB ya figo wana picha safi. Linalonisumbua zaidi ni swali la mgonjwa mwenyewe: mbona sipro ilinisaidia? Ilimsaidia kwa sababu siprofloksasini humdhoofisha hata bakteria wa TB bila kummaliza. Nafuu hiyo ya muda humpotosha mgonjwa na daktari wake, huchelewesha kipimo na huweza kuzaa usugu, huku mrija wa mkojo ukizidi kuwa mwembamba na figo ikifa polepole. Basi usaha ukirudi, hasa ukiandamana na damu, homa za jioni, kupungua uzito, VVU au TB ya zamani, liache duka la dawa. Nenda hospitali, uliza kama mkojo wako wa asubuhi unaweza kupimwa TB kwa siku tatu mfululizo. Tiba yake kwa kawaida ni miezi 6, na dawa hutolewa bure.