Betri Chakavu: Moto Uliofichika Katika Taka za Nyumbani

Katika karne ya 19 shaba ya Katanga ilifika Tabora mabegani mwa wapagazi, kisha ikafuata njia ya misafara hadi pwani. Leo, katika kijiji kama Lusu wilayani Nzega, shaba imo ndani ya redio, chaja na simu mbovu. Vitu hivyo vikitupwa shimoni pamoja na maganda na majani, na taka zote zikachomwa, hasara si ya shaba peke yake. Nyumba nayo yaweza kuungua.

Betri ni ghala la nishati ya kikemikali. Betri kavu ya tochi, yenye volti 1.5, haiwaki kwa urahisi, ingawa hupasuka ikitupwa motoni. Betri ya simu ni ya namna nyingine. Aina hii, itumiayo lithiamu, iliingia sokoni mwaka 1991, na wataalamu watatu walioiendeleza, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna ncha mbili zilizotengwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliolowa kiowevu kinachowaka. Betri ikitobolewa, ikipondwa au ikipata joto kali, utando huharibika na shoti hutokea. Joto huharakisha mmenyuko, nao mmenyuko huzidisha joto, hata betri ikalipuka kwa moto na gesi za sumu. Ifahamike kwamba simu iliyozimika bado ina nishati ndani yake.

Betri ya gari au ya sola ina risasi na asidi ya salfa. Volti zake 12 ni chache, lakini spana ikiunganisha ncha zake, mkondo mkubwa hupita na cheche huruka. Cheche hizo zaweza kulipua gesi ya haidrojeni itokayo betri inapochajiwa. Risasi ikiingia udongoni hudhuru ubongo wa watoto.

Vilevile haifai kuchoma waya ili kupata shaba, kwani ganda lake la plastiki hutoa moshi wenye sumu. Ganda na livuliwe kwa kisu.

Basi, mambo manne yapasa kuzingatiwa. Kwanza, betri zisichanganywe na taka za kuchomwa. Pili, ncha zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki, nazo zihifadhiwe ndani ya chombo kisicho cha chuma, mahali pakavu na penye kivuli. Tatu, betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa. Iwekwe nje, mbali na makuti na nyasi. Nne, betri ya risasi iuzwe ikiwa nzima, asidi yake isimwagwe. Betri ya simu ikishika moto, watu waondoke kwenye moshi. Aliye mbali na salama aipoze kwa maji mengi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka za hatari zishughulikiwe kwa utaratibu maalumu. Shule yaweza kuwa kituo cha kukusanyia, kisha mzigo ukakabidhiwa kwa mnunuzi mwenye kibali. Shaba na risasi huyeyushwa na kutumika tena mara nyingi. Nyumba iliyoungua hairudi kwa njia hiyo.