Imbwa amekula dawa: usimupe maziwa

Papa anatoka posti ya usiku, kichwa kinamuuma, anaacha parasetamoli juu ya meza. Asubuhi karatasi ya dawa inakutwa chini, imetafunwa. Njo pale kila jirani analeta shauri lake: maziwa, mawese, maji ya chumvi.

Sisi tunasema hapana. Maziwa hayaondoi parasetamoli. Mawese yanaweza kuingia katika mapafu, na chumvi nyingi yenyewe inaua. Usingoje kuona kama atagonjwa: ini linaweza kuharibika wakati imbwa angali anachezesha mkia. Munganga wa nyama anaweza kumutapisha, lakini ni katika saa mbili za kwanza hivi.

Kwa paka ni mbaya zaidi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa kahawia, uso unavimba. Kwa hiyo, mama, usimupe hata kipande kwa huruma. Ibuprofeni, yenyewe, inatoboa tumbo la imbwa na kuharibu figo.

Hesabu vidonge vilivyobaki, beba ile karatasi, mupeleke nyama mbio kwa munganga. Kama haumujui hata mmoja, uliza UNILU, kwenye Fakilte ya baganga ba nyama. Mwambie ni saa ngapi amekula, na uzito wake. Iko dawa ya kupinga parasetamoli, asetilsisteini, ile ile ya hospitali kwa watu. Famasi nyingine zinaiuza kama dawa ya kikohozi. Munganga akikutuma, kimbia, lakini kipimo ni yeye atakitoa.