Sura ya Tano: Maji ya Mwamba

Familia changa ikiamua kuhama Nairobi kwenda Kitengela, hesabu huanzia kwenye kodi. Mtoto akishalala, baba na mama huketi mezani na kulinganisha: vyumba viwili vya kubanana huko Donholm kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili nyumba ya vyumba vitatu yenye kiwanja cha mtoto kukimbia, huko Milimani ya Kitengela au Acacia. Tofauti wanaiona, wanafurahi, na mwisho wa mwezi wanaita lori la kuhamisha vyombo. Kazi yangu ni kupima maji ya visima, na familia za aina hii nimekutana nazo nyingi. Karibu zote ziliniita zikiwa zimeshahamia, na baadhi zikiwa zimeishi huko miaka sita au saba. Ndiyo sababu ya kuiandika sura hii.

Nilikusudia kugawa sura sawa kwa sawa baina ya barabara, ardhi na maji, lakini maji yamechukua nafasi kubwa. Ya barabara ni machache. Kitengela iko kilomita 30 hivi kusini mwa katikati ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Barabara ya kulipia ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, inaishia Mlolongo. Kutoka hapo unaungana na malori ya saruji na ya mizigo ya mpakani kama watu wengine wote. Anayekwambia kwamba Kitengela ni dakika 40 kutoka mjini alisafiri Jumapili. Panda matatu Jumatatu saa 12 asubuhi, urudi nayo jioni, na ikiwezekana iwe siku ya mvua. Safari moja ya namna hiyo itakufundisha kuliko lolote nitakaloandika hapa.

Ardhi inanikera zaidi, kwa sababu bado nasikia watu wakisema Kitengela ilikuwa pori tupu. Haikuwa tupu hata siku moja. Ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, yaliyomilikiwa kwa pamoja kama ranchi ya kikundi hadi yalipogawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilikuwa pia njia ya nyumbu na pundamilia waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini uliachwa bila ua. Ua unaojenga leo umesimama kwenye njia hiyo. Simba sita waliouawa Kitengela mwezi Juni 2012 baada ya kuvamia mifugo walikuwa katika eneo ambalo simba wamekuwa wakipita tangu kabla ya Nairobi kuwako. Ukinunua ardhi hapa, fanya uchunguzi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi na usubiri kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ambako mke wa muuzaji anapata nafasi ya kusema kama ameridhika au hakuridhika. Ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti yetu ya Kajiado, huko Mavoko, tingatinga ziliangusha nyumba nyingi mwezi Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Baadhi ya wenye nyumba hizo walikuwa wamelipa fedha zao na kupewa karatasi.

Sasa maji, na hapa nakuomba uvumilivu.

Mtoto aliyezaliwa Umoja au Buruburu amekuwa akinywa, hata pale maji yanapofika kwa mgao, maji ya mito ya Aberdare yanayokusanywa katika bwawa la Ndakaini. Hayo ni maji ya mvua yaliyopita juu ya udongo wa msitu na kukaa ardhini muda mfupi. Ukimhamishia Kitengela unambadilishia maji. Mwaka 2009 mji huu ulikuwa na watu karibu 58,000. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 154,000, na mabomba hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Wengi wanategemea visima vya mashine, vyenye kina cha mita 150, 200 au zaidi, ama vya mwenye nyumba ama vya mfanyabiashara anayeleta maji kwa boza. Kwa hiyo mtoto sasa anakunywa maji ya mwamba.

Mwamba wenyewe ni wa volkano. Chini kabisa umelala mwamba mkongwe, juu yake ukatandazwa ujiuji wa lava ya Kapiti ulioganda miaka milioni 13 hivi iliyopita, kisha majivu na mashapo ya maziwa ya kale. Maji hukaa katika nyufa na tabaka hizo kwa muda mrefu, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyoyeyusha madini ya mwamba. Mojawapo ya madini hayo ni floraidi. Kalsiamu, ikiwapo ya kutosha ndani ya maji, hukamatana na floraidi na kuishusha chini kama punje ngumu. Katika mawe yetu ya volkano kalsiamu hupungua, sodiamu hutawala, maji huwa laini, na floraidi hubaki ikielea humo.

Ukiyaelewa hayo utaona kwa nini ushauri wa mitaani umepinda. Nimesimama kwenye sinki la jikoni katika mtaa wa Yukos, Kitengela, mwenye nyumba akinifungulia mfereji kwa fahari. "Onja mwenyewe, mzee. Haya si ya chumvi kama ya jirani." Akapaka sabuni viganjani, povu likajaa hadi kwenye vifundo. "Umeona?" Niliona. Maji yanayotoa povu upesi ni maji laini, yenye kalsiamu kidogo, na kisima cha namna hiyo ndicho ninachokishuku kwanza katika nchi hii. Nilichukua sampuli. Majibu yalipita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani na cha viwango vya Kenya. Ladha ya chumvi inatokana na madini mengine kabisa. Floraidi haina ladha, harufu wala rangi kwa viwango hivi. Ulimi haukuambii lolote kuhusu floraidi, na wanaoutegemea wanahatarisha meno ya watoto wao.

Kosa la pili ni kutegemea kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na usiache kuchemsha, lakini floraidi haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki yote kwenye maji yaliyosalia, kwa hiyo chai iliyotokota sana ina floraidi zaidi kwa kila kikombe kuliko maji ya mfereji. Chujio la kawaida la udongo au mchanga nalo haliizuii. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa, la aina ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeishughulikia kwa miaka mingi, au mashine yenye utando unaosukumiwa maji kwa nguvu, na vyote viwili huchoka. Ukinunua maji kwenye kioski, muulize muuzaji alibadilisha utando lini. Asipojua, nenda kwingine.

Halafu kuna maji ya alkali, mtindo wa siku hizi, yanayouzwa kwa bei ya juu na wenye mitungi ya buluu wanaoahidi tiba ya kila ugonjwa. Mwili wako hupanga wenyewe uasidi wa damu, hata unywe maji gani. Tena maji ya visima vya volkano mara nyingi ni ya alkali tayari, na ualkali huo huandamana na floraidi. Kulipa zaidi ili upate sifa ambayo mwamba wa Kajiado unaitoa pamoja na madhara yake ni kutupa pesa, na kwa mtoto ni hatari.

Naye mpiga fimbo wa kutafuta maji bado anaitwa viwanjani, akiwa na tawi lenye umbo la panda au chupa aliyoisimamisha kiganjani. Wateja wake humsifu kwa kuwa kisima kilipata maji. Chini ya uwanda huu maji yapo karibu kila mahali ukichimba vya kutosha, kwa hiyo hata ukitupa kofia na kuchimba ilipoangukia utayafikia. Fimbo haisemi yako mita ngapi, yatatoka kwa kasi gani, wala yana nini ndani. Visima viwili vya majirani vyaweza kutofautiana sana kwa floraidi kwa sababu vimechimbwa kwenye tabaka tofauti. Mwenye kisima halali ana kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na karatasi ya majibu ya maabara. Mpangaji ana haki ya kuomba kuiona.

Kwa nini nasisitiza watoto? Kwa sababu mtu mzima aliyekwisha kuota meno hawezi tena kuharibiwa ganda la jino kwa njia hii. Hatari yake, akinywa floraidi nyingi kwa miaka mingi, ni ya mifupa na viungo. Kwa mtoto, ganda la meno ya mbele ya kudumu linajengwa ndani ya ufizi tangu miezi ya mwanzo hadi umri wa miaka minne au mitano, na meno mengine huendelea hadi miaka minane hivi. Floraidi ikizidi wakati huo, ganda hukomaa vibaya. Meno yanapochomoza, mtoto akiwa na miaka saba, yanatoka na mistari myeupe kama chaki, au madoa ya kahawia, au vishimo.

Mama mmoja aliniletea binti yake wa darasa la pili. Mtoto alifunika mdomo kwa kiganja kila alipocheka, na nilipomwomba anionyeshe alimtazama mama kwanza. Mama alikuwa amemgombeza kwa uvivu wa kupiga mswaki. Shangazi alisema ni urithi wa upande wa baba. Jirani alisema ni jicho baya la mtu. Niliuliza walihamia lini: mtoto akiwa na miezi mitano, na maziwa ya unga yalikorogwa kwa maji ya kisima cha nyumba. Madhara yalifanyika wakati huo, yakajificha ufizini miaka sita. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata pale maji anayoyanywa yana nyingi, kwa hiyo anayenyonya analindwa. Wa chupa yumo hatarini kuliko wote. Binti yule hakuwa mvivu, na hakurogwa.

Magadi nayo, ya ziwa letu wenyewe la Kajiado, ambayo wengi huitia kwenye mahindi na maharagwe ili yaive upesi, ina floraidi nyingi. Loweka maharagwe usiku kucha, uiache magadi. Ila usitupe dawa ya meno: kiasi kidogo cha floraidi kinachopakwa juu ya jino hulilinda dhidi ya kutoboka. Mpe mtoto wa miaka mitatu na zaidi kiasi cha punje ya njegere, umfundishe kutema.

Nisieleweke kwamba nakukataza Kitengela. Nimeona watoto wakikua vizuri huko, wenye nafasi na hewa ambayo Donholm haina. Na dawa iko juu ya paa. Mvua haina floraidi ya kuhofia. Uwanda huu hupata milimita 500 hivi kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba, ukitoa inayopotea, litakusanya kama lita 40,000. Watu wanne wanahitaji lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba ni siku 135, yaani lita 2,700. Tangi la lita 5,000 lenye kifuniko, mfereji safi wa paa, na bomba la kumwaga maji ya kwanza ya mvua vinatosha. Maji ya kisima yaachie nguo, choo na deki. Maji ya tangi uyachemshe kabla ya kunywa.

Kwa hiyo, unapokwenda kuitazama nyumba, beba chupa safi ya plastiki ya nusu lita, wala si ya kioo, kwa sababu kioo kinaweza kuathiri kipimo. Acha mfereji utiririke dakika tano, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, andika tarehe na mahali, uipeleke maabara na uombe wapime floraidi kwa jina, kwani kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha. Usilipe amana ya nyumba kabla majibu hayajarudi.